Waya Mweusi

Nikikanyaga breki, indiketa ya kushoto inawaka.
Nikiwasha indiketa, mshale wa mafuta unaruka
kama mtu aliyeitwa kwa jina usingizini.
Honi ni nzima. Redio haijawahi kuwa nzima.

Usiku wa nne huu, gereji za nyuma ya reli, Sanok,
Februari, nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
na Fiati ya mwaka sabini na nne, ya kiwanda cha Warszawa,
imekaa juu ya stendi bila viti, bila zulia,
matumbo yamemwagika mlangoni:
waya nyekundu, za kijivu, za samawati zenye mstari mweusi,
na mmoja wa waridi ambao mchoro hauujui.

Mchoro wenyewe ni nakala ya nakala.
Penye mkunjo wino umekufa,
na penye mkunjo ndipo nyaya zote zinapokutana.

Remigiusz, aliyeniuzia, alisema, "Umeme hauna neno."
Alisema akitazama viatu vyake.
Sasa naona alivyoishi nayo:
tepu ya dukani juu ya plasta ya kidonda,
waya wa spika ukifanya kibarua cha waya wa taa,
fyuzi iliyovikwa karatasi ya chokoleti
ili yenyewe isikatike kamwe, kikatike kingine chochote.
Kwa kila kiungo nimemtukana,
na viungo ni vingi.

Nimenunua swichi mpya ya breki: hasara.
Nimenunua rilei: hasara.
Nimetoa balbu mbili nzima, nikatia balbu mbili nzima.
Nimepima volti zikienda, kila kituo, kumi na mbili na nukta mbili,
na zote zilifika salama,
na bado kushoto ikawaka.

Otylia ana miaka kumi na mmoja. Ujira wake ni kakao ya moto.
Kazi yake kusimama nyuma ya gari na kunisomea.
"Kushoto inawaka."
"Kushoto inawaka."
"Kushoto inawaka, Baba, miguu imekufa ganzi."
Kisha kimya. Kisha: "Haiwaki."
"Umegusa nini?"
"Sijagusa. Nimekaa."
"Simama."
"Imewaka."
"Kaa."
"Imezima."

Kilo thelathini na nne, na koti lake, ukingoni mwa buti.
Ndizo zilizopinda bati unywele mmoja
na kukibana kitu ambacho mikono yangu
ilikipita usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Nikatambaa ndani ya buti, tochi mdomoni.
Nyuma ya taa, waya mweusi, mfupi, mnyonge,
skrubu moja, pete moja ya shaba.
Nikamwambia akanyage yeye. Mita ikasoma nne na nukta sita
mahali palipotakiwa pasiwe na kitu.

Umeme hautembei tu, unatakiwa urudi.
Ukifungiwa mlango wake utapita uani kwa jirani,
na ukipita utamwashia taa bila kuombwa.

Nikafungua skrubu. Chini ya pete, rangi.
Si kutu ya Remigiusz, si tepu yake.
Rangi ya Agosti, kijani kibichi, mapigo matatu,
laini, bila tone lililochuruzika:
kazi ya mkono wangu, niliyoipiga picha
nikawatumia hata watu wasioniuliza.

Nilikwangua kwa ncha ya bisibisi, kisha msasa,
mpaka bati likang'aa duara la senti ndogo.
Grisi kidogo. Nikakaza.

Otylia akakanyaga.
Nje, juu ya theluji, wekundu wa pande mbili,
na si kitu kingine.

Saa tano na robo. Nimechelewa kumpigia Remigiusz,
na sijui ningeanzia wapi.
Kakao imepoa, ameinywa hivyo hivyo.
Waya wa waridi bado unaning'inia.